Kuna Shimo Jeusi Linapita Juu ya Balambala Kila Siku, na Kuna Siku Liliwaka Vibaya

Wasee, tuanze na kitu labda hakuna mwalimu alikuambia. Balambala, ile ya Garissa kando ya mto Tana, imekaa karibu kabisa juu ya ikweta. Huko angani nako kuna shimo jeusi, jina lake A0620-00, na limekaa karibu kabisa juu ya ikweta ya anga, yaani ule mstari wa dunia ukiurefusha mpaka kwa nyota. Sasa piga hesabu. Kila siku, bila kukosa, hiyo kitu inapita juu ya utosi wa mtu wa Balambala. Mwisho wa Desemba inafika utosini saa sita usiku hivi. Mwisho wa Januari ni kama saa nne usiku. Kama unataka kujua ni wapi hasa, tafuta zile nyota tatu zimejipanga mstari, mshipi wa Orion, nyoosha mkono, kisha sogea upande wa mashariki upana wa ngumi moja na kidogo.

Hutaona kitu. Giza tu, na vijinyota vya hapa na pale. Lakini Agosti 1975, kama macho yako yangekuwa ya eksirei, hapo ndipo pangekuwa mahali pang'aavu kuliko pote angani ukitoa jua. Halafu pakazima tena. Leo tunachambua kwa nini hizi vitu huwaka, huzima, hupepesa na hutetemeka, na kwa nini kila ukifuatilia hiyo stori unajipata umerudi Kenya.

Kwanza, shimo jeusi linawakaje na ni jeusi?

Swali fiti. Shimo lenyewe haliwaki. Chochote kikishaingia ndani, mwanga wake hautoki. Kinachowaka ni kile kinachongoja kuingia.

A0620-00 si shimo la kuishi peke yake. Lina mwenzake, nyota ndogo ya rangi ya machungwa, ndogo kuliko jua letu. Wanazungukana raundi moja kwa saa 7 na dakika 45. Yaani basi ikitoka Eastleigh asubuhi, ufike Garissa, ushuke, unywe chai taratibu, nyota nzima imeshamaliza raundi. Shimo lina uzito wa kama jua 6 na nusu hivi, na uzito huo wote umekunjwa mahali ambapo kipenyo chake ni karibu kilomita 40. Ungeliweka kati ya Balambala na Garissa mjini na nafasi ingebaki.

Kwa sababu wako karibu hivyo, shimo linanyonya gesi kutoka kwa nyota. Hiyo gesi haianguki moja kwa moja. Inakuja ikizunguka, inatengeneza sahani kubwa bapa, kama maji yanayozunguka kwa karai kabla yapite kwa tundu. Gesi ya ndani inazunguka haraka kuliko ya nje, zinasuguana, zinapata joto. Karibu na shimo joto linafika mamilioni ya digrii, na kitu chenye joto hilo hakitoi mwanga wa taa ya kawaida, kinatoa eksirei. Ndio hizo hizo za hospitali za kuangalia mfupa.

Shida ni moja: hewa yetu inazimeza eksirei zote za angani kabla zifike chini. Ni poa kwa ngozi yako, mbaya kwa mwanasayansi. Ukitaka kuziona lazima utoke nje ya hewa, na hapo ndipo Malindi inaingia.

1975: mafuriko ya angani

Tarehe 3 Agosti 1975, setilaiti ya Waingereza inayoitwa Ariel 5 iliona eksirei zinatoka mahali ambapo hapakuwa na kitu cha maana. Ndani ya siku chache mwanga ukapanda mpaka ukapita Sco X-1, ambayo ndiyo ilikuwa bingwa wa anga yote tangu igunduliwe 1962. Kisha ukaanza kushuka polepole, wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi, hadi ukapotea. Kutoka kileleni hadi kimya, tofauti ni zaidi ya mara milioni. Soma tena hiyo: milioni. Si taa ya kupunguza na kuongeza, hiyo ni kama kuzima jua ukabaki na mshumaa.

Ariel 5 yenyewe ilirushwa wapi? Hapa tu. Tarehe 15 Oktoba 1974, kwenye jukwaa la chuma la San Marco, baharini nje ya Malindi. SAS-3, setilaiti nyingine ya eksirei iliyoitazama A0620-00 wakati huo huo, nayo ilitoka hapo hapo Mei 1975. Tutarudi kwa hili jukwaa.

Wataalamu wakaenda kufukua picha za zamani za anga zilizowekwa pale Harvard, zile za vioo. Wakapata nyota hiyo hiyo imewahi kuwaka mwaka wa 1917. Kumbe hii tabia si ya mara moja. Ni kitu cha kulala miongo na kuamka ghafla.

Kwa nini ilale, na nyota inatoa gesi kila siku? Mtu yeyote ameishi kando ya Tana anaweza kuelewa haraka kuliko mtu wa Nairobi. Fikiria Masinga. Maji yanaingia kidogo kidogo, siku nyingi, na huko chini Garissa mto umetulia, mbuzi wanakunywa, watu wanalima. Bwawa likijaa na mvua ikiendelea, maji yanamwagika, na wewe wa Balambala unaona mto umepanda ilhali kwako hata wingu halipo. Kile kinafika kwako hakifuati mvua ya leo. Kinafuata bwawa.

Ile sahani ya gesi ndiyo bwawa. Gesi inaingia kutoka kwa nyota karibu kwa kiwango kile kile, lakini ikiwa baridi haisuguani vya kutosha, kwa hivyo inarundikana tu. Miaka inaenda. Sahani inazidi kuwa nzito na moto. Ikifika digrii elfu kadhaa, haidrojeni ndani yake inaanza kuvunjika, elektroni zinaachana na viini. Hapo mambo yanageuka kabisa: gesi iliyovunjika inasuguana zaidi, ikisuguana inapata joto zaidi, joto likizidi linaivunja gesi ya jirani. Moto unaenea sahani nzima na kile kilichowekwa akiba miongo mitano kinateremka kwa shimo ndani ya miezi michache. Hiyo ndiyo Agosti 1975.

Tofauti na Masinga ni kwamba bwawa la KenGen lina watu wa kupiga simu na kutoa onyo. Hii haina. Pia Masinga ikimwagika haimaanishi imeisha maji, na hata sahani haimalizi gesi yote. Inapoa, inajifunga, inaanza kujaza tena.

Watu wakaendelea kuifuatilia hata baada ya kuzima. Mwaka wa 1986, wakipima jinsi ile nyota ndogo inavyovutwa huku na huku, Jeffrey McClintock na Ronald Remillard walionyesha kwamba kitu kinachoivuta kina uzito wa angalau jua 3. Hiyo ndiyo mpaka. Nyota ya nyutroni, ambayo ndiyo mfu mzito zaidi ambaye bado ana uso, haiwezi kubeba zaidi ya hapo. Kikipita, ni shimo.

Uhuru ya kwanza ya angani

Sasa turudi nyuma kidogo. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Day, miaka saba kamili baada ya bendera kupandishwa, roketi ya Scout ilipaa kutoka San Marco ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani tu. NASA walikuwa wanaiita SAS-1. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi, akaipa jina la Kiswahili kwa heshima ya Kenya: Uhuru.

Mbona Malindi na si Florida? Sababu mbili. Kwa ikweta dunia inazunguka haraka zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi inapata msukumo wa bure. Ya pili ndiyo tamu: ukizunguka juu ya ikweta tu, unakwepa sehemu kubwa ya mnururisho mbaya ambao ungejaza vifaa vya setilaiti na kelele. Ukitaka kusikia kitu kinanong'ona, lazima chumba kiwe kimya. Uhuru ilikuwa inazunguka ikiinama digrii 3 tu kutoka ikweta, kilomita 500 na kitu juu. Maana yake ilikuwa ikipita karibu na utosi wa Balambala kila baada ya saa moja na dakika 40 hivi, usiku na mchana, hadi ilipomaliza kazi Machi 1973.

Na hapa niseme tu, juu stori za sayansi huwa zinaruka hii sehemu. Wakati hiyo Uhuru inapita juu, Kaskazini Mashariki yote ilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari, zile zilizowekwa wakati wa vita vya Shifta na zikakaa hadi 1991. Uhuru ilikuwa juu, chini ilikuwa kitambulisho na kizuizi. Kila mtu ajazie.

Mwanga unaotetemeka

Uhuru ilifanya ramani ya vitu 339 vya eksirei. Lakini viwili ndivyo vilibadilisha mchezo, na vyote ni kwa sababu ya jinsi mwanga unavyobadilika, si jinsi ulivyo mkali.

Cha kwanza, Cen X-3. Hicho kilikuwa kinapiga kama saa ya ukutani: pigo moja kila sekunde 4.8, bila kupotea. Kitu kinachopiga hivyo ni kitu chenye uso unaozunguka, kama taa ya ambulensi. Ni nyota ya nyutroni.

Cha pili, Cyg X-1. Hiki ni fujo. Minoru Oda na wenzake waliangalia data ya Uhuru wakaona mwanga unapanda na kushuka ndani ya sehemu ya sekunde, mwanzoni wakadhani kuna mdundo. Mdundo haukuwepo. Kila walipodhani wameupata, ulibadilika. Ngoma ya Cen X-3 unaweza kuicheza. Cyg X-1 ni mvua kwa mabati.

Hapa kuna hesabu ambayo napenda sana juu unaweza kuifanya kwa boda ukienda kazi. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu hakiwezi kubadilika chote haraka kuliko muda ambao mwanga unachukua kukivuka, kwa sababu upande mmoja hauwezi kujua upande mwingine umefanya nini. Kikibadilika kwa sehemu ya kumi ya sekunde, basi panapowaka hapazidi kilomita 30,000, pungufu ya mzunguko wa dunia. Kikipepesa kwa elfu moja ya sekunde, ni kilomita 300, kama kutoka Balambala hadi Nairobi ukiruka kama kunguru. Nyota kubwa ya bluu iliyo hapo kwa Cyg X-1 ni pana kiasi kwamba mwanga unachukua zaidi ya dakika moja na nusu kuivuka. Kwa hivyo kinachopepesa si nyota. Ni kitu kidogo kilichojificha kando yake.

Lakini kidogo hakitoshi. Nyota ya nyutroni nayo ni ndogo. Lazima upime uzito, na ili upime uzito lazima ujue ni nyota gani, na vifaa vya Uhuru havikuwa vikali vya kutosha kuonyesha nukta moja. Mwanga ukasaidia tena. Kati ya Machi na Aprili 1971, Cyg X-1 ilibadilisha tabia: eksirei laini zikashuka mara nne, eksirei kali zikapanda mara mbili. Wakati huo huo darubini za redio zikaanza kusikia kitu hapo ambapo awali palikuwa kimya. Redio inaweza kuonyesha mahali kwa usahihi sana. Ikanyooshea kidole nyota moja, HDE 226868. Mwaka uliofuata Louise Webster na Paul Murdin wa Uingereza, na Tom Bolton akiwa Toronto, wakaona hiyo nyota inayumba kila siku 5.6 ikivutwa na mwenza asiyeonekana, mzito kupita nyota ya nyutroni. Leo tunajua uzito wake ni kama jua 21, na uko mbali miaka ya mwanga 7,200. Lilikuwa shimo jeusi la kwanza ambalo watu walikubali kwa dhati, ingawa Stephen Hawking aliweka beti dhidi yake na Kip Thorne mnamo 1974 na akakubali kushindwa 1990. Riccardo Giacconi, kichwa cha kikosi cha Uhuru, alipata Nobeli 2002.

Hali mbili, tabia mbili

Ile geuza ya 1971 sasa ina maelezo. Haya mashimo huwa na hali mbili kubwa. Katika hali ngumu, ile sahani inatulia na kinachotawala ni wingu la plazma moto sana karibu na shimo, wataalamu wanaliita korona (hapana, si ile). Wingu hilo linagonga mwanga na kuupa nguvu, eksirei zinakuwa kali, kupepesa kunakuwa kwingi, na kuna mikondo miwili ya gesi inarushwa nje kwa kasi, ndiyo inatoa ile redio. Katika hali laini, sahani inafika karibu kabisa na shimo, inawaka yenyewe, mwanga unakuwa mwingi lakini umetulia, na redio inazimwa. Kwa hivyo mtaalamu akiona tu jinsi mwanga unavyotetemeka, anaweza kukuambia gesi imekaaje, kama fundi anayesikiliza injini ya probox na kukuambia ni nozeli.

Wengine wana vituko vyao. V404 Cygni, aliyewahi kuwaka 1938 na 1989, aliamka tarehe 15 Juni 2015 na kufanya fujo wiki mbili hivi, akipanda na kushuka ndani ya dakika. GRS 1915+105 aliwaka Agosti 1992 na, badala ya kuzima baada ya miezi kama wengine, alibaki anang'aa hadi 2018. Huyo ana mitindo zaidi ya kumi ya kubadilika, na mmoja unafanana kabisa na mchoro wa moyo wa hospitali: pigo, pumziko, pigo, kila dakika moja hivi. Nadhani ndiye msanii mkali wa hii kundi yote. A0620-00 yetu yeye ni wa kimya. Akitoa albamu ni moja kwa nusu karne.

Na sai?

Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988, basi. Halijarusha nyingine tangu hapo. Hata Taifa-1 ya Kenya ilibidi ipande SpaceX kutoka California, Aprili 2023. Lakini ile stesheni ya nchi kavu Malindi, ya Waitaliano, bado inafanya kazi. Setilaiti ya Swift, iliyompata V404 akiamka 2015, hushukisha data yake Malindi. NuSTAR vilevile. Na kuna IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, ambayo imewekwa karibu kabisa juu ya ikweta, kwa hivyo inapita juu ya Balambala kama Uhuru ilivyokuwa. Mnamo 2022 IXPE iliangalia Cyg X-1 ikaonyesha kwamba ile korona imetandazwa sambamba na sahani, haijasimama kama mnara juu ya shimo. Hilo lilikuwa swali la miaka mingi.

Kwa hivyo eksirei zinatoka Cygnus, zinanaswa juu ya ikweta, zinashukia Malindi, na zikishatoka hapo zinaenda kuandikiwa karatasi Roma, Tokyo na Alabama. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sehemu inauma. Lakini data haijafungiwa. NASA huziweka wazi. Kifaa cha Kijapani cha MAXI, kilicho kwenye kituo cha angani tangu 2009, kinaweka mchoro wa mwanga wa kila siku wa mashimo haya kwa intaneti, bila malipo, bila kujisajili. Simu yako na bando ya kawaida zinatosha. Mwanafunzi wa fomu three Balambala anaweza kupakua namba za Cyg X-1 na kuchora mwenyewe hali ngumu na hali laini zikibadilishana miaka zaidi ya kumi.

Ukitaka kuona kwa macho, ngoja Septemba. Saa tatu usiku hivi, geuka kaskazini, angalia juu zaidi ya nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Kundi la Cygnus ni msalaba mkubwa. Katikati ya shingo yake kuna nyota inaitwa Eta Cygni, na nusu digrii tu kando yake ndiyo HDE 226868. Macho matupu hayatoshi, lakini darubini ya kushika mkononi inatosha, na giza la huko Balambala ni zuri kuliko chochote utapata Pipeline au Umoja. Utaona nukta ndogo tu. Hilo shimo lenyewe halionekani, ila nyota unayoangalia ndiyo linalolila.

Kuhusu A0620-00, watu huuliza itaamka lini. 1917 hadi 1975 ni miaka 58. Ukiongeza 58 zingine unapata 2033, na hiyo namba usiitegemee, juu mapumziko mawili hayawezi kukupa ratiba, na huenda iliwaka katikati hapo bila mtu kuangalia. Kinachojulikana ni kwamba sahani inajaa. Ikimwagika, siku hiyo MAXI na Swift zitaiona ndani ya saa chache, na data itashuka Malindi.